Insha ya Hoja: Sababu za Kuongezeka kwa Unene wa Kupindukia

Swali: Jadili sababu za kuongezeka kwa unene wa kupindukia katika jamii ya leo.

Watahiniwa wengi hulijibu swali hili kwa neno moja: ulafi. Jibu hilo halitoshi. Soma swali tena. Limeuliza sababu za kuongezeka, hivyo unatakiwa kueleza ni kitu gani kimebadilika katika maisha ya watu.

Maana
Unene wa kupindukia ni hali ya mwili kuwa na mafuta mengi kiasi cha kuhatarisha afya. Ili kuupima, gawanya uzito wa mtu kwa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Mtu mzima akipata 25 au zaidi, uzito wake umezidi. Akipata 30 au zaidi, ana unene wa kupindukia. Kwa mfano, mtu wa kilo 80 mwenye urefu wa mita 1.6 hupata 80 ÷ 2.56, yaani 31.25.

Ushahidi
Nchini Tanzania, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05. Kufikia 2015/16 walikuwa asilimia 28. Urithi huweza kueleza kwa nini mtu mmoja hunenepa upesi kuliko mwenzake, lakini hauwezi kueleza ongezeko la miaka kumi tu. Kilichobadilika ni mazingira.

Hoja za kujadili
1. Chakula. Vyakula vya kukaangwa na vinywaji vyenye sukari vinapatikana kila kona. Soda ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai.
2. Kazi. Aliyelima kwa jembe au kuchota maji mbali alitumia nguvu nyingi. Anayekaa ofisini au dukani kutwa hutumia kidogo, na chakula kisichotumika hugeuka mafuta.
3. Usafiri na makazi. Bodaboda na daladala zimepunguza kutembea. Viwanja vingi vya michezo mijini vimejengwa nyumba, hivyo watoto hubaki ndani wakitazama runinga na simu.
4. Muda na kipato. Anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku hununua kilicho karibu, chenye kushibisha kwa bei nafuu. Chipsi hushinda matunda.
5. Mitazamo. Wapo wanaoona kitambi ni dalili ya mafanikio, na kukonda ni dalili ya shida au maradhi.

Zingatia
• Kila hoja ieleze jambo lililobadilika, kisha namna linavyoongeza unene. Kutaja bila kueleza hukupotezea alama.
• Usijaze insha kwa kisukari na shinikizo la damu. Hayo ni madhara, nawe umeulizwa sababu. Yataje kwa sentensi moja katika hitimisho.
• Usiwakejeli watu wanene. Insha ya hoja hujenga hoja, haitukani.

Zoezi
Chagua hoja mbili kati ya hizo. Kwa kila moja, andika aya yenye mfano kutoka mtaani au kijijini kwenu, kisha pendekeza jambo moja ambalo serikali ya mtaa au kijiji inaweza kufanya.