Kusema Alhamdulillah Mgao Ukipungua



Wengi wetu tunaosoma Mbarara tuna wazazi Nakivale, makazi yanayopokea wakimbizi tangu mwaka 1958. Mgao wa chakula ulipunguzwa tena mwaka 2023, na zipo familia zilizoondolewa kabisa kwenye orodha. Lakini mtu akifika kutoka huko ukamuuliza habari za nyumbani, hujibu, "Alhamdulillah." Je, anasema kweli?

Wanazuoni wengi hutofautisha shukrani na hamdi. Shukrani ni kwa neema uliyopewa. Hamdi ni kumsifu Allah (S.W.) kwa ukamilifu wake, upewe au unyimwe. Basi anayesema Alhamdulillah na sufuria ni tupu hasemi kwamba njaa ni nzuri. Anasema Mola wake ni yule yule. Nabii Yaakub (A.S.) alihuzunika hadi macho yakawa meupe, na huzuni hiyo akampelekea Allah (Sura Yusuf, aya 84 hadi 86). Imani yake haikupungua. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiwa umeshiba usimwambie mwenye njaa "shukuru tu". Hiyo si daawa.

Imam Ghazali, katika Ihyaa, ameijenga shukrani juu ya mambo matatu: elimu ya kujua neema imetoka kwa nani, hali ya moyo inayozaliwa na elimu hiyo, na amali, yaani kuitumia neema katika anayoyaridhia Mwenye kuitoa. Sisi tunaishia kwenye ulimi. Baada ya swala tunamaliza Alhamdulillah 33 vidole vikikimbia, na jicho liko kwenye simu.

Jaribu hivi. Katika hizo 33, zile tatu za mwanzo ziseme polepole, kila moja na neema yake ya leo. Ya kwanza iwe ya mwili: umeamka unapumua. Ya pili, kitu ulichotumia bila kukifikiria, kama maji uliyotawadhia pasipo kupanga foleni na dumu. Ya tatu iwe ya mtu, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Mtu huyo umtafute kabla siku haijaisha, na ukiwa na cha kumtumia, hata kidogo, mtumie. Hapo ndipo amali inapoanza.

Mimi nilikwama kwenye ya tatu. Sikuwahi kuuliza nauli yangu ya kutoka Endiinzi ilipatikana wapi. Nilipiga simu nyumbani. Mama alicheka, akasema aliuza maharage aliyokuwa ameyaweka kwa mbegu.