Fanani, Dalali na Hadhira: Uuzaji wa Muziki Kupitia Mtandao

Utangulizi

Katika fasihi simulizi, fanani na hadhira hukutana ana kwa ana. Manju huimba, hadhira huitikia na kumtuza papo hapo. Santuri na kanda ziliwatenganisha: kati yao wakaingia mzalishaji, msambazaji, mwenye duka na haramia wa kunakili. Makala haya yananuia kuchunguza iwapo intaneti imewakutanisha upya. Hoja yetu ni kwamba imewakutanisha, ila kwa sharti moja: msanii awe ndiye mmiliki wa rekodi zake.

Kutoka dukani hadi mtandaoni

Mfano wetu mkuu ni marehemu Joseph Kamaru (1939-2018), mwanamuziki mashuhuri wa Kenya aliyeimba kwa Kikuyu. Hata kabla ya intaneti, Kamaru alitambua faida ya kujiuzia: alikuwa na duka lake la muziki, City Sounds, jijini Nairobi. Mjukuu wake, ambaye pia anaitwa Joseph Kamaru na hujulikana kisanaa kama KMRU, amezitoa upya rekodi za babu yake na kuziuza kupitia tovuti ya Bandcamp. Kwa hivyo, kuuza moja kwa moja si jambo geni. Kilichobadilika ni duka, ambalo sasa hufikiwa na msikilizaji wa Murang'a na wa Berlin vilevile.

Utaratibu wa mauzo

Bandcamp ilianzishwa Marekani mwaka 2008. Msanii hupakia rekodi na kupanga bei, naye mnunuzi huruhusiwa kuongeza kwa hiari. Kampuni hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Mathalani, albamu ya dola 10 humwachia msanii dola 8.50, kabla ya ada ya kupitisha malipo. Katika huduma za kusikiliza kama Spotify, kwa upande mwingine, fedha hukusanywa pamoja kisha hugawanywa kulingana na idadi ya usikilizaji. Asiye na wasikilizaji wengi huambulia kidogo, hata kama hao wachache wanamhusudu.

Fauka ya hayo, tukumbuke kundi la Radiohead la Uingereza. Mnamo Oktoba 2007 lilitoa albamu ya In Rainbows kwenye tovuti yake na kumwachia kila msikilizaji ajipangie bei. Liliweza kufanya hivyo kwa kuwa mkataba wake na kampuni ya EMI ulikuwa umekwisha.

Changamoto

Kwanza, Mkenya amezoea kulipa kwa M-Pesa tangu mwaka 2007, ilhali Bandcamp hudai kadi ya benki au PayPal. Msikilizaji wa karibu basi hupata ugumu kuliko wa ng'ambo. Pili, dalali hajatoweka, amebadilisha vazi tu. Bandcamp iliuzwa kwa Epic Games mwaka 2022, kisha kwa Songtradr mwaka 2023, na takriban nusu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Wasanii hawakuulizwa. Tatu, mwimbaji aliyemwachia mzalishaji kanda zake asilia na haki zake zote hana cha kuuza, hata akifunguliwa tovuti mia.

Hitimisho

Msanii chipukizi na ahifadhi mikataba, rekodi asilia na orodha ya wanunuzi wake, maana mali bila daftari huisha bila habari. Nasi wanafunzi wa fasihi tujihoji. Tunapokwenda nyanjani, huwarekodi wazee wakiimba, tukarejea chuoni na sauti zao katika tarakilishi zetu, na shahada tukapata. Je, fanani tulimwachia nakala? Tuliandika mahali kwamba wimbo ni wake? Tusipofanya hivyo, nasi tumeingia katika safu ya madalali.