KUTU YA MAHARAGE: TUSILAUMIANE, TUSAFISHE BUSTANI



Msimu huu wa mvua nilikuta majirani wawili katika bloku moja hawasalimiani. Maharage ya mmoja yamejaa madoa mekundu, naye anadai mwenzake alimwagia sumu usiku. Nikaenda kwa yule anayelaumiwa, nikageuza majani yake. Madoa ni yale yale. Basi tujifunze pamoja.

Ni ugonjwa gani?
Unaitwa kutu. Unaletwa na kuvu, kimelea kidogo sana kinachonyonya chakula ndani ya jani lililo hai. Wataalamu wanakiita Uromyces appendiculatus. Siyo sumu wala uchawi.

Utautambuaje?
Tazama upande wa chini wa jani. Kwanza hutokea vidoa vyeupe vidogo. Baada ya siku chache vinavimba na kupasuka. Sugua kwa kidole: ukipata unga kama kutu ya bati, ndiyo yenyewe. Majani yakizidiwa hugeuka njano na kupukutika. Ugonjwa ukiingia kabla ya maua, mavuno hupungua sana.

Unaeneaje?
Unga huo ndio uzazi wa kuvu. Hurushwa na upepo, hushika nguo, mikono na jembe. Ukitua juu ya jani lililolowa kwa saa 10 au zaidi, wakati hakuna joto kali, huota na kuingia ndani. Baada ya siku 7 hadi 10 jani hilo nalo hutoa unga. Ugonjwa huu haupiti ndani ya mbegu. Kutu ya mahindi ni nyingine, haiingii kwenye maharage.

Tufanye nini?
1. Usiingie katika maharage yakiwa na umande au maji ya mvua. Subiri yakauke.
2. Acha nafasi kati ya mimea ili hewa ipite.
3. Ukimaliza kuvuna, ng'oa masalia yote na kuyafukia chini sana. Kuvu hujificha humo mpaka msimu ujao.
4. Usirudie maharage mahali pale pale. Badilisha na mahindi au mchicha.
5. Changanya mbegu za aina mbalimbali, kama wazee wetu wa Burundi na Kivu walivyozoea. Kutu inayoshinda aina moja huenda ikashindwa na nyingine.

Je, maharage ya mmea mgonjwa yanalika?
Ndiyo. Kutu hii haimdhuru mtu. Usiyatupe, pika watoto wale.

Kumbuka: upepo haujui mpaka wa bustani. Ukisafisha kwako peke yako, unga utatoka kwa jirani. Kubalianeni siku moja, safu nzima isafishe pamoja. Wale majirani wawili wameshaanza: mmoja ana jembe, mwingine ana koleo.