Mwigo wa Kejeli: Bahili wa Krismasi Katika Vibonzo vya Runinga

Utangulizi

Mwanafunzi, bila shaka umewahi kumwona mwenzako akiiga sauti na mwendo wa mwalimu wa zamu hadi darasa zima likacheka. Mlicheka kwa sababu mnamjua mwalimu huyo. Mgeni aliyefika siku hiyo hangecheka. Huo ndio msingi wa mwigo wa kejeli, ambao baadhi ya wahakiki huuita parodia. Ni kazi inayoiga kazi nyingine inayojulikana, kisha ikaikuza au kuigeuza ili kuchekesha na kukosoa.

Kazi asilia

Mnamo 1843, Mwingereza Charles Dickens alichapisha riwaya fupi, A Christmas Carol. Mhusika mkuu, Ebenezer Scrooge, ni bahili wa London anayemlipa karani wake, Bob Cratchit, mshahara duni. Mkesha wa Krismasi anatembelewa na mzuka wa Jacob Marley, aliyekuwa mshirika wake, kisha mizuka mitatu: wa Krismasi zilizopita, wa Krismasi ya sasa na wa zijazo. Anaonyeshwa kifo chake kisichomhuzunisha mtu. Anazinduka na kuwa mkarimu.

Miigo mitatu

(a) Mr. Magoo's Christmas Carol (1962): Magoo, mzee asiyeona vizuri, ni mwigizaji anayemwigiza Scrooge jukwaani. Kichekesho kimo katika macho yake. Ujumbe wa Dickens haukuguswa.

(b) Bugs Bunny's Christmas Carol (1979): Bahili ni Yosemite Sam, mwenye hasira za karibu. Mzuka si mzuka, bali ni sungura Bugs Bunny aliyejigeuza. Sam anatoa fedha kwa kuhofia kupelekwa kwa Ibilisi.

(c) A Flintstones Christmas Carol (1994): Fred anapewa nafasi ya Scrooge katika mchezo wa kuigiza mjini kwao. Sifa zinampanda kichwani, naye anaisahau familia yake. Hiki ni kinaya: anaigiza toba jukwaani ilhali mwenyewe ndiye anayehitaji kutubu.

Jinsi ya kuchambua

Usiandike tu "kuna kejeli hapa" ukatarajia alama. Jibu maswali matatu:
1. Ni nini kilichoigwa?
2. Ni nini kilichogeuzwa?
3. Ni nani au nini kinachokosolewa?

Tazama mwigo (b). Kilichoigwa ni kisa cha bahili na mzuka. Kilichogeuzwa ni chanzo cha toba: huruma imeondolewa, hofu ikatiwa mahali pake. Kinachokosolewa ni wema wa mtu anayetoa kwa kuogopa adhabu tu.

Mfano wa nyumbani

Tuseme unakihamishia kisa hiki Mishomoroni. Mwenye nyumba za kupanga amemtilia mpangaji kufuli mlangoni mkesha wa Idi, kwa deni la kodi ya mwezi mmoja. Akiota ndoto, akaona huruma na kufungua, umebadilisha mandhari tu. Huo si mwigo wa kejeli. Lakini vijana wa mtaa wakijifunika shuka nyeupe, wakajifanya majini, naye akafungua huku akitetemeka, umeigeuza kazi asilia. Sasa msomaji anacheka, kisha anajiuliza: akigundua ni vijana tu, kufuli halitarudi? Swali hilo ndilo uzito wa mwigo wako. Kicheko kisichoacha swali ni mzaha mtupu.

Tanbihi

Usichanganye mwigo wa kejeli na tashtiti. Kipindi cha vikaragosi cha XYZ Show, kilichoanza nchini Kenya mwaka wa 2009, kiliwakejeli wanasiasa moja kwa moja. Hiyo ni tashtiti. Mwigo wa kejeli sharti uegemee kazi nyingine. Hata hivyo, kazi moja yaweza kuwa na mbinu zote mbili.

Zoezi

1. Tofautisha mwigo wa kejeli na tashtiti. (alama 4)
2. "Toba ya hofu si toba." Jadili kauli hii ukirejelea mwigo (b). (alama 6)
3. Chagua mhusika mmoja mchoyo katika kitabu chako teule. Eleza jinsi ungemgeuza katika mwigo wa kejeli, na unachokusudia kukosoa. (alama 10)