Nyumba ya Mnada Mombo: Wahi Kabla ya Nyundo

 

Mdogo wetu mmoja wa Mombo ameniletea swali hili: "Dada, shikamoo. Nina akiba niliyoipata kwa kuuza mboga na matunda yanayoshuka kutoka Soni na Lushoto. Kuna nyumba hapa mjini, benki inataka kuiuza kwa sababu mwenyewe kashindwa kurejesha mkopo. Imechoka, ila bei ni karibu nusu ya nyumba za jirani. Nataka niinunue, niikarabati, niipangishe, baadaye iwafae wanangu. Mume wangu anasema nyumba ya mnada ina machozi ya watu, tusiiguse. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza hongera kwa akiba. Pili, shemeji usimcheke. Mimi mikosi ya kuta siiamini, lakini kesi ninaiogopa, na nyumba ya mnada ikinunuliwa kwa pupa huja na kesi yake ndani, tena wakati mwingine huja na mwenyewe akiwa bado amelala chumbani.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayokuambia kama hiyo nyumba inauzika. Mkopaji akishindwa kulipa, benki haiamki asubuhi ikaita dalali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, baada ya kurekebishwa, inataka apewe kwanza notisi ya siku 60. Zikipita bila deni kulipwa ndipo mlango wa kuuza unafunguka. Mnada wenyewe nao, kwa Sheria ya Madalali, lazima utangazwe kwa siku zisizopungua 14, kwenye mji mkuu wa wilaya na pale pale unapofanyika. Na hapa wengi wa huko kwetu hujichanganya. Kwa kuwa Mombo ndiyo njia panda ya kupandia Lushoto, watu hudhani mambo yake yote yako Lushoto. Mombo iko wilaya ya Korogwe. Tangazo la nyumba yako litafute Korogwe na Mombo, na ugomvi ukizuka utakwenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ya Korogwe. Omba uoneshwe nakala ya ile notisi na ya tangazo. Dalali akianza kukuzungusha kwa maneno matamu, mshukuru na uendelee na biashara yako ya matunda.

Sasa hiyo "nusu bei". Mdogo wangu, bei ikishuka mno nayo ni dalili ya ugonjwa. Sheria inamtaka anayeuza nyumba ya rehani atafute bei nzuri kadiri inavyowezekana siku ile. Ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya nyumba zinazofanana nayo sokoni, mahakama huanza kwa kudhani kwamba muuzaji amekiuka wajibu wake, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo. Mwenye nyumba anaweza kwenda kuomba mauzo yafutwe. Ni kweli sheria humlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema bila kujua hila yoyote, na mabaraza yetu yamewalinda wengi. Lakini kulindwa baada ya miaka ya kupanda na kushuka barazani, huku bati linavuja na hakuna mpangaji anayethubutu kuingia, hiyo faida utaihesabia wapi?

Na pesa za mnada haziletwi kesho. Kanuni iliyozoeleka ni kulipa robo ya bei papo hapo nyundo ikigongwa, na salio ndani ya siku 14 au 15. Kwa mnada wa amri ya mahakama, ni robo papo hapo na salio ndani ya siku 15. Mnaikumbuka Novemba 2017, nyumba za mfanyabiashara Lugumi zilipopigwa mnada Dar es Salaam kwa deni la kodi? Dk Louis Shika alipanda dau mpaka akazishinda nyumba tatu, nchi nzima ikabaki na msemo wa "mia tisa itapendeza", halafu ile robo ya papo hapo haikuonekana, na mambo yakaishia polisi. Tulicheka sana. Ila wapo watu wa kawaida kabisa wanaopatwa na hilo bila kamera: mnada unawapandisha mori, wanataja bei ambayo hawanayo, wanapoteza robo waliyotanguliza. Nenda na kikomo chako kichwani, na mtu wa kukuvuta gauni ukikipita.

Lakini ungeniuliza mimi, ningekwambia mnada usiungoje. Nyumba nzuri ya deni ni ile ambayo haijafika kwa dalali. Mwenye nyumba aliyekwishapokea notisi bado ana haki ya kulipa deni lake na kuiokoa mali, na njia mojawapo ya kulipa ni kuiuza mwenyewe kwa ridhaa ya benki. Hapo mnakaa watu watatu: yeye, afisa mikopo na wewe. Benki inataja kwa maandishi deni lililobaki. Mnakubaliana bei. Fedha ya deni unaiingiza moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, usimpe mtu mkononi hata kama ni mjomba wako, na kinachozidi anapewa mwenye nyumba. Benki inaondoa rehani na kuachia hati, nanyi mnaingia kwenye uhamisho mbele ya wakili. Bei itakuwa juu kidogo kuliko ya mnada. Ilipe. Unalipia kuagana vizuri: mtu anaondoka na chochote cha kuanzia maisha, anakukabidhi funguo mwenyewe, majirani wanaona. Shemeji naye hoja yake ya machozi itakuwa imepata jibu.

Kabla ya kukubaliana, uliza habari za mke. Au wake. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, na huu ndio mlango ambao kesi nyingi hupitia. Unakuta mume alisaini benki na mke wa Mombo, kumbe aliyechangia matofali ni mke mkubwa aliyeko Vuga, na siku ya mnada ndipo anaposhuka na gari la asubuhi. Uliza mtaani, uliza kwa mwenyekiti wa kitongoji, uliza wanawake wenzio kisimani. Wao wanajua ndoa za watu kuliko faili lolote la benki. Uliza pia kama kiwanja ni cha mtu au cha ukoo. Na ukizunguka uani, angalia kama kuna kaburi. Msicheke. Kaburi lina wenyewe, na wenyewe watakuja kulizuru hata kama hati ina jina lako.

Halafu Mombo ina mambo yake matatu ambayo mtu wa mbali hayaoni. Barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inapita katikati ya mji, na hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Zamani ilikuwa mita 22.5, Sheria ya Barabara ya 2007 ikaongeza. Angalia ukuta wa mbele kama una alama ya X iliyopigwa na watu wa barabara. Ikiwa nyekundu, nyumba iko ndani ya hifadhi ya zamani na siku ya kubomoa hakuna fidia. Ikiwa ya kijani, fidia ipo, lini ni habari nyingine. Wapo wanaopiga rangi mpya juu ya X ndipo waite mnunuzi, kwa hiyo pima kwa futi yako. Reli ya Tanga, iliyofika Mombo mwanzoni mwa karne iliyopita enzi za Wajerumani, nayo ina hifadhi yake, hata pale ambapo nyasi zimeota juu ya mataruma. Na mto: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Maji yanayoteremka kutoka milimani wakati wa masika hayana haja ya sheria. Muulize mzee yeyote yalifika wapi mwaka ule mbaya, akuoneshe alama ukutani.

Makaratasi, haraka haraka. Fanya upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati, uone jina, rehani na mazuio. Tazama muda uliobaki: hati ya miaka 33 iliyotolewa 1995 inafika mwisho 2028, na huo ni mzigo wako, si wa benki. Kama dhamana ilikuwa hati ya kimila ya kijijini, huko ni sheria nyingine, na bila halmashauri ya kijiji kukukubali hununui kitu. Uliza malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi, bili ya maji, deni la kodi ya majengo linalokatwa kwenye umeme wa LUKU. Soma masharti ya mauzo uone nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji. Kisheria ni ya muuzaji, lakini minada mingi humsukumia mnunuzi kila kitu.

Tuseme umepata nyumba. Fundi wa kwanza kumwita ni wa paa, na wa pili ni wa kukagua mchwa. Mombo si Lushoto. Chini kule joto ni kali na mchwa hawalali. Panda darini mwenyewe, au umtume kijana mwepesi, gonga kenchi kwa nyundo usikie kama zimebaki maganda. Mbao za kubadilishia zinashuka kutoka Shume, karibu tu, ila zidai zile zilizotiwa dawa. Baada ya paa ni choo, shimo, maji, nyaya za umeme. Baada ya hapo ni madirisha: yapanue, weka nyavu, mpangaji wa Mombo anatafuta upepo na kukimbia mbu. Gipsamu, malumalu na geti la maua ni vya mwisho kabisa, na vikikosekana hakuna atakayehama. Nimeona nyumba ngapi zina taa za rangi sebuleni na choo kinachofurika! Vifaa nunua wewe, fundi mlipe ufundi kwa hatua, na tenga fungu la tano juu ya makadirio yake, kwa sababu ukibandua plasta ya zamani hujui utakuta nini.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu, tarakimu ni za mfano. Nyumba milioni 30, ukarabati na makaratasi milioni 12, jumla 42. Vyumba vinne, kila kimoja shilingi 40,000 kwa mwezi, ni 160,000, kwa mwaka ni 1,920,000 ikiwa hakuna chumba kilichokaa wazi hata siku moja. Fedha yako inarudi baada ya karibu miaka 22. Inafaa? Kwa mtu mwenye akiba yake, anayewafikiria wanawe, na anayejua ardhi ya mji ulio njia panda haishuki thamani kirahisi, inafaa. Kwa anayetaka faida kabla ya Ramadhani mbili, hapana. Na kwa anayekopa? Chukua riba ya asilimia 16 kwa milioni 30: mwaka wa kwanza riba peke yake inakaribia 4,800,000, na pango linaleta chini ya milioni mbili. Utakuwa unainunua nyumba ya mtu aliyeshindwa mkopo kwa mkopo utakaoushindwa. Hilo silitaki kulisikia.

Limebaki moja, nalo nalisema kwa sauti ya dada mkubwa. Akiba ni yako, uliipata kwa jasho lako la kuuza mboga na matunda. Sheria ya Ardhi inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Jina lako liingie kwenye hati. Peke yako au pamoja na shemeji, mkae muamue kwa amani, lakini liingie, na liingie siku ile ile ya uhamisho. "Tutabadilisha baadaye" imewatoa dada zetu wengi nje na mabegi yao.

Kwa hiyo wiki hii usitafute fundi wala rangi. Panda gari uende Korogwe, tafuta wakili wa kukufanyia upekuzi, kisha mwombe afisa mikopo akukutanishe na mwenye nyumba kabla tarehe ya mnada haijatangazwa. Ukikuta mke hakuridhia, au X nyekundu, au kesi iko barazani, achana nayo siku hiyo hiyo. Mombo nyumba hazijaisha.