Bili Ikija Mezani Ugenini

Msafiri anayeuliza atoe bakshishi kiasi gani ameanzia katikati. Swali la kwanza ni nani anayemlipa mhudumu: mwenye mgahawa au wewe mlaji. Ziko nchi ambako ujira wa aliyekuletea chakula umo tayari ndani ya bei ya sahani, na ziko nchi ambako bei hiyo imelipia chakula, jiko na pango tu, na mtu aliyesimama mbele yako anautegemea mfuko wako. Ukilijua hilo, hesabu ya asilimia haikupi shida. Usipolijua utamdhulumu mtu Chicago, kisha umtie mwingine aibu Tokyo, na kote huko ulikuwa na nia njema.

Naanza na Marekani, kwa kuwa huko ndiko kosa la mgeni linakomuumiza mtu. Sheria ya serikali kuu inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa. Kiwango hicho hakijaongezeka tangu 1991. Kima cha chini cha wafanyakazi wengine ni dola 7.25, nacho kimesimama hapo tangu 2009. Bakshishi zikipungua hata mtu asifikie 7.25, mwajiri anatakiwa afidie, lakini mhudumu wa Texas au Georgia hajengi maisha yake juu ya fidia hiyo. Anayajenga juu ya meza anazohudumia. Majimbo machache, yakiwamo California, Washington, Oregon, Nevada na Minnesota, yanamtaka mwajiri alipe kima cha chini kamili kabla ya bakshishi. Usidhani basi kwamba ukifika Los Angeles umesamehewa, maana desturi ya mezani ni ileile nchi nzima.

Mfumo huu una historia chungu, na ni vizuri Mwafrika aijue kabla ya kukaa mezani. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kampuni ya George Pullman ya mabehewa ya kulala iliajiri wanaume weusi, wengi wao waliotoka utumwani, ikawalipa kidogo na kuwaachia abiria wajazie. Wahudumu wale wa treni waliunda chama chao 1925 chini ya A. Philip Randolph, na ilipofika 1937 wakaibana kampuni hadi ikatia saini mkataba. Wa migahawani hawakupata bahati hiyo. Sheria ya kima cha chini ya 1938 iliwaacha nje, na walipoingizwa 1966 waliingizwa kwa kifungu kinachomruhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kama sehemu ya mshahara. Kwa hiyo anayeondoka bila kutoa kitu, akisema kwetu hatuna desturi hiyo, hamkomoi mwenye mgahawa. Anamkata mshahara mtu wa chini kabisa katika mnyororo huo. Tena migahawa mingi humtaka mhudumu amgawie anayefuta meza na anayechanganya vinywaji kulingana na mauzo ya meza zake, hata kama meza moja haikuacha kitu. Ukiacha sifuri, huenda amekuhudumia kwa hasara.

Sasa hesabu. Mgahawa wa kukaa na kuhudumiwa, toa asilimia 18 hadi 20 ya bei ya chakula na vinywaji kabla ya kodi. Kumi na tano bado inapokelewa, ila katika miji mikubwa inasomeka kama malalamiko. Kumbuka pia kwamba bei za menyu hazina kodi ndani yake. Tuseme mmekula watu wawili mjini New York, na menyu inasema dola 60. Kodi ya mauzo ya mji huo ni asilimia 8.875, yaani dola 5.33. Bakshishi ya asilimia 20 ni dola 12. Utatoka na dola 77.33, na hiyo ndiyo bei uliyopaswa kuiona kichwani ulipofungua menyu. Mwenye bajeti ndogo apunguze sahani, asipunguze ujira wa mtu.

Ukilipa kwa kadi, mara nyingi mhudumu ataondoka nayo na kurudi na karatasi mbili. Kwenye mstari wa “Tip” andika 12, kwenye “Total” andika 77.33, tia saini, iache nakala ya mgahawa na uondoke na yako. Ukiamua kutoa taslimu, piga mstari kwenye nafasi ya “Tip” badala ya kuiacha wazi. Mashine za kushika mkononi zinakuonyesha vitufe vya asilimia. Angalia zimepigia hesabu kiasi kipi, kwa maana nyingi huanza na jumla yenye kodi. Mkiwa watu sita au zaidi, soma bili yote kabla ya kuongeza chochote, kwani migahawa mingi huwa imeshaweka asilimia 18 au 20 kwa jina la “gratuity”. Ikiwamo, umemaliza.

Kahawa ya kaunta ni jambo jingine. Siku hizi keshia anakugeuzia kioo kinachouliza utoe ngapi, hata kwa mkate uliouchukua mwenyewe kwenye rafu. Hapo hudaiwi. Bonyeza kitufe cha kukataa bila kuona haya, na hela yako itunzie meza ya jioni. Baa, weka dola moja au mbili kwa kila kinywaji.

Je, huduma ikiwa mbovu? Tenganisha kosa la jiko na kosa la mhudumu. Nyama ikija mbichi, sema palepale, irudishwe. Ukidharauliwa, muite meneja ungali mezani na umweleze kwa utulivu. Malalamiko hayo yanafanya kazi kuliko bakshishi ndogo isiyo na maelezo, ambayo mhudumu ataitafsiri kuwa ni ubahili tu. Na usichukulie kila kitu kuwa dharau. Mhudumu wa Marekani atakutajia jina lake, atakujazia maji ya barafu bila malipo, atakuuliza mara mbili kama chakula kiko sawa, kisha ataweka bili mezani kabla hujaiomba. Hakufukuzi. Kipato chake kinategemea meza ngapi zinapita kwa zamu moja. Mkiwa na mazungumzo marefu na ndugu mliopotezana miaka mingi, kaeni, ila ongezeni kitu kwa muda mlioikalia meza.

Kanada desturi inafanana sana, kati ya 15 na 20, ingawa majimbo mengi huko yamekwisha kuondoa mshahara pungufu wa wahudumu.

Vuka bahari uende Paris, na karibu kila kitu kinageuka. Ufaransa, bei iliyoandikwa kwenye menyu ina huduma na kodi ndani yake kwa mujibu wa sheria, na ndiyo maana utaona maneno “service compris”. Mhudumu analipwa mshahara, na wengi wanaihesabu kazi hiyo kuwa fani ya maisha. Hana sababu ya kukuchangamkia ili ale, na wageni waliozoea Marekani hurudi wakisema Wafaransa wana kiburi. Mimi siamini hivyo. Wanachotaka kwanza ni salamu, jambo ambalo mtu wa pwani yetu halihitaji kufundishwa. Ingia useme “Bonjour”, subiri ujibiwe, ndipo uombe meza. Anayeanza na ombi kabla ya salamu ameshaonekana hana adabu, na atahudumiwa hivyo. Baada ya chakula hakuna atakayekuletea bili mpaka uiombe, kwa kuwa meza ni yako na kukusogezea bili ni sawa na kukuambia uondoke. Ukiwa tayari, sema “l’addition, s’il vous plaît”. Maji ya bomba, ambayo ni salama, hutolewa bure ukiomba “une carafe d’eau”; ukisema maji tu, huenda ikaja chupa ya kulipia. Bakshishi ni chenji: euro moja au mbili kwa mlo wa kawaida, tano kwa chakula cha jioni kilichokupendeza. Usitoe asilimia 20.

Italia angalia mstari wa “coperto”, ada ya kila kichwa kwa meza na mkate, kwa kawaida euro chache. Sehemu nyingi ni halali pale ilipoandikwa kwenye menyu, na haina uhusiano na bakshishi. Ujerumani usiache sarafu mezani. Mhudumu anasimama kando yako na pochi yake, anakutajia 27.50, nawe unamtajia kiasi unachotaka akate, tuseme 30. Asilimia 5 hadi 10 inatosha.

Uingereza inataka macho. Migahawa mingi ya London huongeza asilimia 12.5 kwenye bili na kuiita ya hiari, “discretionary”. Ni ya hiari kweli: ukiomba iondolewe, itaondolewa. Zamani nilikuwa mgumu kuwashauri watu wailipe, kwa sababu waajiri wengine waliichukua wenyewe. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria mpya inawataka waajiri wa England, Scotland na Wales wawape wafanyakazi bakshishi na ada hiyo yote bila makato zaidi ya kodi, na kuigawa kwa haki. Kwa hiyo lipa, na usiongeze juu yake. Kwenye pub, unapoagiza na kulipa kaunta, hakuna bakshishi.

Japani usitoe kabisa. Ukiacha noti mezani, mhudumu atakukimbilia barabarani akidhani umeisahau, na mtahangaika wote wawili. Hata hivyo, huduma yake ni miongoni mwa bora utakazopata popote: taulo la kufutia mikono, chai au maji bila kuomba, utulivu. Ukihitaji kitu, ita kwa sauti “sumimasen”. Hakuna anayekuja kukuuliza kama chakula ni kitamu, na kuita si ukosefu wa adabu. Kulipa ni kwenye kaunta karibu na mlango, na fedha huwekwa kwenye kisahani, haziwekwi mkononi. Kwenye vilabu vya izakaya kitaletwa kibakuli cha chakula usichoagiza, kiitwacho “otoshi”, nacho kitaonekana kwenye bili. Hiyo ndiyo ada ya kukalia kiti, usigombane.

Ghuba ndiko watu wetu wengi wanakopita, kwa biashara Dubai au kwa jamaa Muscat. Mgahawa wa hoteli ya Dubai unaweza kuweka ada ya huduma ya asilimia 10, ada ya manispaa ya asilimia 7 na VAT ya asilimia 5. Ada ya huduma huingia kwa mwajiri, na si lazima imfikie aliyekuhudumia. Wahudumu wengi ni wageni kutoka India, Nepal, Ufilipino na Afrika Mashariki, nao hutuma fedha nyumbani. Kwa hiyo hata pale ada ilipo, dirham 5 au 10 mkononi mwake ni jambo jema. Mahali pasipo na ada, asilimia 10 inatosha.

Oman, angalia thamani ya fedha kwanza: riali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu, na ina baisa 1,000. Kwenye vibanda vya chai na mikate ambako mtu hula kwa baisa mia kadhaa, hakuna anayetazamia bakshishi. Ukiacha baisa 100 inapokelewa kwa shukrani. Ukialikwa na Waomani wanaozungumza Kiswahili, wale wenye mizizi Unguja au Mombasa, usiguse pochi wakati bili inakuja. Aliyekualika ndiye mwenye meza, na bakshishi ni yake pia. Kujitia unachangia mbele ya watu kunamwonyesha kuwa umeipima karamu yake ukaiona haikutosha. Ukitaka kumpa mhudumu chako, baki nyuma kidogo mnapotoka, umshike mkono, umwachie humo, kisha uwafuate wenzako.