Kulala Ndani ya Gari Wakati wa Tamasha

Mwezi wa Juni ukikaribia, sisi wanafunzi tutokao Nakivale huanza kuulizana swali moja: mwaka huu tutalala wapi? Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani, iliyoadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2001, na katika makazi yetu siku hiyo si ya hotuba peke yake. Huja kwaya, huja wapiga ngoma wa Kirundi, huja vijana wenye magitaa na vipaza sauti. Wakongo, Wasomali, Wanyarwanda, kila watu na muziki wao. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, nayo ni nchi pana, yenye wakazi zaidi ya laki moja na nusu. Mtu atokaye vijiji vya Juru au Rubondo akiwa na vyombo vyake vya muziki hawezi kufika Base Camp, kucheza mpaka usiku, kisha kurudi kwake. Sembuse sisi tutokao shuleni Mbarara, mwendo wa kilometa 60 hivi, na sehemu ya mwisho vumbi tupu. Loji ni chache, na fedha zetu ni chache kuliko loji. Basi watu hulala ndani ya gari lililowaleta.

Jambo hili si la Nakivale tu. Huko Jinja, kando ya mto Nile, lilianza mwaka 2015 tamasha kubwa liitwalo Nyege Nyege (jina hilo lina maana yake kwa Kiganda, ni hamu ya kucheza isiyozuilika, na msomaji wa Kiswahili asicheke), ambako watu hupiga kambi siku kadhaa. Na katika tamasha la Woodstock, Marekani, mwezi wa Agosti 1969, walifika watu laki nne hivi. Barabara zikaziba, wengi wakayaacha magari yao njiani, na wengine wakayafanya nyumba.

Nimeona yafaa tulichunguze jambo hili kwa masomo tuliyofundishwa darasani, kwa sababu wengi wanaliogopa kwa upande usio wake. Wanamwogopa mwizi. Kwa kumwogopa mwizi hufunga vioo vyote na milango yote, kisha hujifunika blanketi na kujiona salama. Mwizi kweli yupo. Lakini mwizi huchukua simu, na hewa mbaya huchukua mtu.

Tufanye hesabu kwanza. Chukua gari la abiria 14, lile tuliitalo taksi hapa Uganda. Tuseme nafasi ya hewa iliyomo ndani ni meta 6 za ujazo, yaani lita 6,000. Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi zake kadiri ya lita 12 za hewa ya kabonidayoksaidi kila saa. Wakilala watu tisa, hutoa lita 108 kwa saa. Kama gari lingezibwa kama chupa, baada ya saa moja hewa hiyo ingekuwa sehemu 1.8 katika kila 100, hali ya kuwa huko nje ni sehemu 0.04 tu. Baada ya saa mbili ingepita sehemu 3.5, na hapo mtu huhema upesi na kichwa humgonga. Bahati njema gari si chupa. Hewa hupenya milangoni na sakafuni, hasa katika magari yetu ambayo mipira ya milango imekwisha kuliwa na vumbi. Kwa hiyo watu tisa hawafi kwa pumzi zao wenyewe; huamka wamechoka, kichwa kizito, kisha huusingizia muziki.

Hewa iuayo ni nyingine, nayo jina lake ni kabonimonoksaidi. Tunajifunza katika kemia ya kwamba makaa yakiungua penye hewa tele hutoa kabonidayoksaidi, lakini yakiungua penye hewa haba hutoa hii ya pili. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikoozeshi. Ikiingia mapafuni hushikana na ile rangi nyekundu ya damu iitwayo himoglobini, nayo hushikana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu hujaa, lakini imejaa mgeni asiye na kazi, na mwenye nyumba hana pa kukaa. Mfaransa Claude Bernard alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1857. Baadaye Mskoti John Scott Haldane aliivuta hewa hiyo mwenyewe kwa makusudi, akawa anaandika jinsi anavyojisikia, ili awasaidie wachimbaji wa makaa ya mawe. Ndiye aliyewashauri washuke shimoni na wanyama wadogo au ndege, kwa kuwa kiumbe mdogo huhema upesi na huanguka kabla ya mtu. Migodi ya Uingereza iliendelea kutumia ndege aina ya kanari mpaka mwaka 1986.

Ikiwako kadiri ya sehemu 4 katika 10,000 za hewa, mtu huumwa kichwa baada ya saa moja au mbili. Zikiwa sehemu 16, huona kizunguzungu na kichefuchefu katika dakika 20, na aweza kufa kabla ya saa mbili kwisha. Lakini hayo ni ya mtu aliye macho. Aliyelala haoni kizunguzungu, na kiu ya hewa haimwamshi, kwa sababu anaendelea kuhema vizuri kabisa.

Sasa, sumu hii hutoka wapi katika tamasha? Hutoka katika injini ya gari lenyewe, ikiwa dereva ameiacha ikizunguka ili kuchaji simu au kupata joto, na bomba la moshi limetoboka chini ya sakafu. Injini ya dizeli hutoa kidogo kuliko ya petroli, lakini kidogo si kusema hakuna. Hutoka pia katika jenereta za vipaza sauti, ambazo huwekwa nyuma ya jukwaa, mahali pale pale ambapo wenye magari hupenda kuegesha kwa kuwa pana taa. Na zaidi ya yote hutoka katika sigiri, ambayo ndugu zetu Warundi na Wanyarwanda huiita imbabura.

Mwaka jana kwaya yetu ilikodi taksi kutoka Mbarara. Usiku wa manane, chai ilipokwisha kunywewa, dereva aliinyanyua sigiri akataka kuiingiza ndani, kwa kuwa watoto walikuwa wakitetemeka. Alikuwa mtu mwema, na nia yake njema. Mama mmoja, aliye mkubwa wetu katika kwaya, akamzuia mlangoni.

"Mama, moshi umekwisha," dereva akasema. "Yamebaki makaa mekundu tu."

"Mwanangu, hayo mekundu ndiyo niyaogopayo. Kule Bukavu tulizika watu wa nyumba moja, na moshi haukuwako. Irudishe nje."

"Watoto watapata homa ya baridi, Mama."

"Mtoto mwenye baridi hulia, nami nitamsikia."

Dereva akairudisha nje, akinung'unika. Nami nilipofika shuleni nilitafuta vitabu nione kama yule mama alisema kweli, na hivyo ndivyo makala hii ilivyoanza. Alisema kweli tupu. Makaa yanayotoa moshi mtu huyakimbia mwenyewe. Yale yaliyokolea, yasiyo na moshi, ndiyo hudanganya.

Kuna jambo moja ambalo sikuliona katika vitabu vya wenzetu wa Ulaya, nalo latuhusu sisi. Huku kwetu kila kichwa kinachouma huitwa malaria. Mtu akitoka garini asubuhi anaumwa kichwa na kutapika, hupewa vidonge, kisha hurudishwa mle mle garini alale. Basi tazama mambo mawili. Malaria huleta joto la mwili, sumu hii haileti. Na malaria haiwapati watu wote wa gari moja katika saa moja. Mkiona wawili au watatu wanalalamika kichwa pamoja, fungueni milango yote, watoeni nje, zimeni kila kinachowaka, kisha wapelekeni hospitali ambako wataweza kupewa oksijeni. Kwa hewa ya kawaida sumu hupungua hadi nusu katika saa nne au tano. Kwa oksijeni ya kuvutwa kwa kifuniko cha usoni hupungua hivyo katika saa moja na nusu au chini yake. Aliyezirai asingojewe aamke.

Tukirudi kwenye vioo, kuvifungua kuna shida yake, wala sisemi hakuna. Makazi yetu yako kando ya Ziwa Nakivale, na penye ziwa na vinamasi pana mbu. Mbu aina ya anofelesi, ambaye jike lake ndilo liumalo, hutafuta damu tangu magharibi mpaka alfajiri, saa zile zile tunazolala. Dawa yake ni hii: fungua mlango, tandaza chandarua juu ya fremu kwa upande wa nje, kisha ufunge mlango juu yake, kioo kikiwa kimeshushwa vidole viwili. Fanya hivyo upande wa kuume na upande wa kushoto, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Kioo kimoja hakitoshi. Usikikate chandarua, maana nyumbani kinangojwa. Vidole viwili havipitishi mkono wa mwizi, ila simu isiwekwe penye dirisha.

Baridi ni kweli pia. Mbarara iko juu kadiri ya meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi mawingu hayapo ya kuzuia joto la ardhi lisitoroke. Bati la gari hupoa upesi. Lakini watu wengi hujifunika juu na kusahau chini: maboksi yaliyokunjuliwa, mkeka, magunia, hivyo vikiwekwa chini ya mwili hufaa kuliko blanketi la pili juu. Na kioo kilichofunguliwa hupunguza unyevu. Kila mtu hupoteza kwa pumzi zake kadiri ya robo lita ya maji kwa usiku; watu tisa ni zaidi ya lita mbili, na maji hayo yasipotoka huganda juu ya vioo na kuwadondokea wenyewe.

Nataka nikae kidogo juu ya miguu, ingawa rafiki zangu walicheka nilipowaambia. Mwaka 1940 mji wa London ulipokuwa ukipigwa mabomu, watu walilala usiku kucha juu ya viti katika mahandaki. Daktari Keith Simpson aliona ya kwamba baadhi yao hufa ghafula, nao hawakuguswa na bomu. Ukingo wa kiti ulibana mishipa ya miguu, damu ikaganda, na kipande kilichoganda kikasafiri mpaka mapafuni. Mambo hayo yalionekana tena huko Niigata, Japani, baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2004, na safari hii yaliwapata watu waliokuwa wakilala ndani ya magari yao kwa kuogopa kuingia nyumbani. Hao walikuwa wakimbizi kama sisi, ingawa kwa siku chache.

Sasa fikiri jinsi tunavyogawana nafasi. Adabu yetu humpa mzee kiti, na kijana hujilaza sakafuni. Mchana ni sawa. Lakini walio katika hatari zaidi ya kuganda damu ni wazee, akina mama wajawazito na waliojifungua karibuni, nao ndio tunaowaketisha usiku kucha miguu ikining'inia. Usiku adabu iliyo bora ni kumpa mzee sakafu, mahali pa kunyosha miguu, na vijana wakae vitini, washuke kila baada ya saa kadhaa watembee. Najua mzee wa kwanza kuambiwa hivyo ataona ametukanwa. Aelezwe taratibu, na aelezwe na mzee mwenzake.

Juu ya mahali pa kuegesha sina mengi. Pawe tambarare, mbali na jenereta, pasiwe chini ya tawi kavu, na pua ya gari ielekee njia ya kutokea. Weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu. Usiitegemee breki ya mkono peke yake. Wala mtu asilale chini ya gari, kama utingo wengi wapendavyo, au kandokando ya magurudumu. Kule Woodstock kijana wa miaka 17 aliyekuwa amelala chini katika mfuko wake wa kulalia alikanyagwa na trekta, akafa. Na jua likichomoza mtoto asiachwe amelala garini peke yake vioo vikiwa vimefungwa: katika dakika kumi za kwanza joto la ndani laweza kupanda kwa nyuzi kumi.

Limebaki la funguo. Madereva wengine huwafungia watu ndani, kisha huondoka kwenda kutazama ngoma, ufunguo mfukoni. Hili tumelikataa. Mwaka huu ufunguo atakaa nao yule mama wa kwaya, na dereva amekubali, ila ameuliza kama sigiri ya chai imepigwa marufuku kabisa. Haikupigwa marufuku. Itakaa nje, hatua kumi na tano kutoka garini, upande ule ambako upepo unaelekea, na atakayelala wa mwisho ataizima kwa maji.